Jinsi ya kuchagua ubingwa bila kuchaguliwa na jinsia yako

Mwongozo huu ni wa daktari mtarajali, yaani aliyemaliza chuo na yumo katika mwaka wa mazoezi hospitalini, aliyepangiwa Tanga, pamoja na mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne au wa tano ambaye kila akirudi likizo Ngamiani au Chumbageni hukutana na swali lilelile kutoka kwa mashangazi na wajomba: "Sasa utakuwa bingwa wa nini?" Kwa miaka ambayo nimekaa na watarajali nimeyasikia majibu hadi nimeyazoea. Wasichana husema watoto, macho au ngozi. Wavulana husema upasuaji au mifupa. Na anayejibu kinyume cha hapo huchekwa kidogo kabla ya kuulizwa sababu. Sina ugomvi na fani yoyote kati ya hizo. Ninalotaka ni kukuonyesha namna ya kupima kama jibu unalolitoa limetoka kwako, au ulilikuta limekwisha kuandaliwa nawe ukalivaa kama sare.

Anza na daftari

Wengi huanza kwa kujiuliza wanapenda nini. Swali hilo ni zuri lakini limekuja mapema, kwa sababu katika udaktari mtu hupenda kile ambacho mikono yake imekwisha kukizoea, na mikono huzoea kile ilichopewa. Kwa hiyo, siku ya kwanza ya utarajali, nunua daftari dogo linaloingia katika mfuko wa koti, na kila unapotoka zamu andika mambo matatu tu: kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, kazi niliyoitazama, na kazi niliyoiomba nikanyimwa. Usiandike jina la mgonjwa wala namba ya jalada lake. Daftari hilo ni la kukupima wewe. Endelea hivyo katika idara zote kuu nne, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwisho wa kila idara kaa chini uhesabu.

Utashangaa. Watarajali wawili huingia idara ya upasuaji wiki moja, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke. Asubuhi bingwa anamwambia wa kwanza, "Osha mikono uingie," na wa pili anaambiwa akamalizie majalada kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, kisha akazungumze na ndugu wa mgonjwa kwa kuwa ana kauli nzuri. Hakuna aliyekusudia ubaya, na majalada lazima yaandikwe na mtu. Lakini jambo hilo likijirudia kwa miezi mitatu, yule wa kwanza atatoka akisema upasuaji anaupenda, na yule wa pili atasema upasuaji haumwingii. Wote wawili watakuwa wakweli. Tofauti ni kwamba ukweli wa yule wa pili umetengenezwa na mgawanyo wa kazi, naye hajui, kwa sababu hakuna siku hata moja aliyokatazwa waziwazi.

Kwa wanaume mambo hayohayo hutokea katika wodi ya wazazi. Mkunga anamwomba mtarajali wa kiume atoke kidogo mama astirike, akirudi mtoto amekwisha kuzaliwa. Kesho yake tena hivyohivyo. Mwisho wa mzunguko ana idadi ndogo ya uzazi aliousimamia, anaona aibu kuuliza, na anajifariji kwa kusema kwamba ile si kazi ya mwanamume, ingawa pengine aliyemfundisha fani hiyo chuoni alikuwa mwanamume mwenye mvi.

Basi kabla hujasema hupendi fani fulani, tazama safu ya kwanza ya daftari lako. Ikiwa safu ya kutazama imejaa na safu ya kutenda ni tupu, hujaikataa fani hiyo, hujaionja. Dawa yake ni kuomba, na kuna namna ya kuomba. Usimwendee bingwa na malalamiko ya jumla kwamba hupewi nafasi, kwa maana atakujibu kwa jumla vilevile. Nenda alasiri, kabla orodha ya kesho haijapangwa, useme jambo moja linalohesabika: "Dokta, kesho kuna mabusha matatu kwenye orodha. Mwezi huu nimesaidia manne na sijafanya hata moja. Naomba la tatu nifanye mimi, nawe ukiwa umesimama pembeni." Wengi watakubali, baadhi yao wakishangaa kwamba hawakuwahi kuiona hesabu hiyo. Ukikataliwa mara mbili, peleka daftari kwa msimamizi wa watarajali na uzungumze naye kwa adabu juu ya idadi, bila kutaja nia ya mtu.

Kuna maombi mengine ambayo hayastahili adabu. Msimamizi anayefungamanisha saini yake au nafasi ya kujifunza na ngono ametenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Andika tarehe na maneno aliyoyatumia siku ileile.

Kliniki ya mabusha kama kipimo

Sijui mahali pazuri pa kujipima kuliko pwani yetu hii, ambako ugonjwa wa matende na mabusha umekaa vizazi vingi. Hoja inayotolewa mara nyingi kuwazuia wanawake wasichukue upasuaji wa jumla au wa njia ya mkojo ni kwamba mzee wa Pangani au wa Mwambani hatakubali kuvuliwa kikoi mbele ya binti. Hoja hiyo ina chembe ya kweli, na ndiyo maana inafaa kupimwa badala ya kuaminiwa.

Ukiwa mwanamke, utapimwa kwanza na neno moja. Katika wodi zetu kila mwanamke aliyevaa koti jeupe huitwa "sista" na kila mwanamume, hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, huitwa "dokta". Usikasirike, lakini usiache lipite, kwa kuwa mgonjwa anayekudhani muuguzi ataendelea kumsubiri daktari huku wewe ukimhudumia. Amkia, jitambulishe, kisha eleza utakachofanya: "Shikamoo babu. Mimi ni daktari, na mimi ndiye nitakayekuona leo. Nitakupima sehemu yenye uvimbe, na kaka huyu muuguzi atakuwa nasi hapa. Kama ungependa apime mwanamume, niambie, nitamwita." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya huo kwa maelezo.

Andika katika daftari wangapi waliomtaka mwanamume. Katika uzoefu wangu, mzee aliyebeba busha miaka kumi na mitano, asiyeweza kukaa vizuri kwenye baiskeli wala kuswali bila kujisitiri kwa kanga ya mkewe, akishaulizwa kwa heshima hujibu, "Mwanangu, wewe toa tu." Anayekataa mara nyingi si mgonjwa, ni mwenzako wa kazi aliyemkatalia mgonjwa kabla hajaulizwa. Wapo wanaokataa kwa dhati, nao wana haki hiyo. Mwite mwenzako na usione haya. Mtarajali wa kiume katika kliniki ya wanawake afanye vivyo hivyo, pamoja na sharti ambalo halina msamaha: asimpime mwanamke sehemu za siri bila muuguzi kuwapo chumbani.

Na anayedhani kwamba ugonjwa wa wanaume hauwezi kuongozwa na mwanamke amkumbuke Dk. Mwele Malecela. Alianza kazi mwaka 1987 katika kituo cha utafiti cha Amani, hapahapa katika mkoa wetu, akauongoza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha tangu mwaka 2000, akawa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) mwaka 2010, na baadaye akaongoza idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa yaliyosahaulika, hadi alipofariki mwaka 2022. Hakuwa daktari wa hospitali, alikuwa mwanasayansi. Hata hivyo, kugawa dawa za kuua vimelea na kuwapatia wanaume upasuaji wa mabusha kulikuwa sehemu ya kazi aliyoisimamia, na sikumbuki kusikia mzee yeyote wa pwani akirudisha kidonge kwa kuwa mwenye mpango alikuwa mwanamke.

Nguvu, urefu na glavu

Hapa nitapita haraka, kwani sehemu kubwa ya hoja hii ni vifaa. Binti anayevaa glavu namba 7½ kwa sababu ndizo zilizowekwa mezani atadondosha sindano, kisha ataambiwa mikono yake ni mizito. Mwombe sista namba 6 au 6½ kabla hujaosha mikono. Aliye mfupi aombe kijukwaa cha kusimamia badala ya kufanya kazi mabega yakiwa masikioni, maana meza hupandishwa kwa kimo cha mpasuaji mkuu na wasaidizi hujitafutia. Kuhusu mifupa, ambayo husemwa inahitaji msuli, jifunze kurudisha bega lililoteguka kwa njia ya Stimson: mgonjwa hulazwa kifudifudi, mkono ukining'inia pembeni ya kitanda, ukafungiwa uzito, na baada ya dawa ya maumivu na subira, mvutano wa ardhi hufanya kazi ambayo wanaume wawili walikuwa wakiitolea jasho. Majeruhi wa bodaboda wanaoletwa kutoka barabara ya Segera watakupa nafasi nyingi za kujaribu.

Mionzi ni jambo la kweli na lisidharauliwe na anayetaka mifupa au radiolojia, yaani fani ya picha za ndani ya mwili. Vaa aproni ya madini ya risasi kila mara, na idai idara ikupe kipima mionzi chako mwenyewe, kwani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia jambo hilo. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5. Ukishaitaarifu idara kwamba una mimba, mtoto aliye tumboni hatakiwi kupata zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki. Kwa hiyo taarifu mapema. Kuna wanaoificha mimba ili wasionekane wadhaifu, na kwa maoni yangu huo ni ushujaa uliopotea njia.

Piga hesabu ya miaka, kisha piga hesabu ya usiku

Shahada ya udaktari ni miaka 5, utarajali ni mwaka 1, na shahada ya uzamili ya ubingwa ni miaka 3, fani chache zikichukua 4. Ukiongeza miaka miwili au mitatu ya kazi katikati, aliyeanza chuo na miaka 20 atakuwa bingwa akiwa na takriban 32, na akitaka kubobea zaidi aongeze kama miaka 2. Hii ndiyo miaka ya ndoa na watoto, na hakuna haja ya kujifanya kwamba haihusiki. Chora mstari katika karatasi, weka miaka yako juu yake, kisha mpe mwenzi wako kalamu, naye aweke ya kwake. Nimeona wanawake wengi wakichora mstari huo peke yao, wakijipunguzia fani ili wakidhi maisha ya watu wawili, na ni wanaume wachache sana niliowaona wakiuchora.

Hoja ya zamu ndiyo inayonichosha kuliko zote. Binti akitaka upasuaji huambiwa, "Usiku utauweza? Watoto utamwachia nani?" Binti huyohuyo akitaka magonjwa ya wanawake na uzazi hupongezwa, ilhali kila aliyekaa zamu anajua kwamba uchungu na kutoka damu baada ya kujifungua havingoji kuche, na kwamba daktari wa uzazi huamshwa usiku kuliko karibu mtu mwingine yeyote hospitalini. Wodi ya watoto wachanga nayo haina usingizi. Ikiwa usiku ndio kizuizi, basi kingezuia huko kwanza. Kwa hiyo usihukumu usiku wa fani kwa jina lake. Ukiwa kila idara andika umeitwa mara ngapi, saa ngapi, na ungeweza kupangiwa au la. Fani ya ngozi au patholojia (uchunguzi wa magonjwa katika maabara) ina usiku mtulivu, na aliyeichagua kwa sababu hiyo akiijua hesabu yake hana la kuomba radhi, awe mwanamume au mwanamke.

Jua pia sheria inakupa nini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo; inamruhusu anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi; na inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya tarehe ya kujifungua. Baba amepewa siku 3. Soma tena namba hiyo ya mwisho, kwa kuwa inaeleza mengi kuhusu nani anatarajiwa kupunguza kazi. Ukiwa masomoni badala ya kazini, kanuni za chuo kuhusu kuahirisha muhula ndizo zitakazokuhusu, kwa hiyo ziombe na uzisome kabla hujajiandikisha, wakati huna mimba na huna haraka.

Unapoambiwa kwamba mambo yatajirekebisha yenyewe

Mtu atakuambia usihangaike, maana siku hizi wasichana ni wengi darasani na fani zitajigawa zenyewe. Tazama Marekani. Mwaka 2019 wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wa udaktari nchini humo kwa mara ya kwanza, lakini miongoni mwa mabingwa wa mifupa wanaofanya kazi huko wanawake bado ni chini ya mmoja kwa kila kumi, huku katika fani ya watoto wakiwa ndio wengi. Darasa kujaa hakufungui mlango wa idara.

Atakayekuambia kwamba mgonjwa atapata hasara, mjibu kwa takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya wagonjwa wa Marekani wenye miaka 65 na zaidi waliolazwa kwa magonjwa ya ndani ulikuta kwamba waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 11.07 kwa waliotibiwa na madaktari wanawake, na asilimia 11.49 kwa waliotibiwa na wanaume. Mwaka huohuo utafiti wa Ontario, Kanada, juu ya wagonjwa wa upasuaji ulikuta tofauti ndogo iliyoelekea upande huohuo. Tofauti hizo ni ndogo na sizitumii kujigamba. Zinatosha tu kuufunga mjadala huo ili mrudi kwenye kazi.

Tafuta mtu aliyekwisha kupita

Usitafute mfano wa kukuvutia tu, tafuta mtu wa kumuuliza mambo madogo: alimwachia nani mtoto siku ya mtihani, alilipia nini, aliahirisha lini. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kipo tangu mwaka 1987, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Profesa Esther Mwaikambo, bingwa wa watoto aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Kwa upande wa upasuaji, Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina mtandao wa wanawake wapasuaji tangu mwaka 2015. Njia yake ya mafunzo ni ndefu, kwani upasuaji wa jumla huchukua miaka 5, lakini hufanyika ndani ya hospitali zilizoidhinishwa, na kwa mwenye familia kukaa mahali pamoja akifanya kazi kunaweza kuwa na unafuu kuliko kuhamia hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi, kama mwanafunzi. Linganisha njia zote mbili kwa gharama za kodi, nauli na mlezi wa mtoto.

Kuhusu ufadhili, Wizara ya Afya hutoa nafasi za masomo ya ubingwa, na tangazo husema fani zinazopewa kipaumbele. Lisome kama mkataba. Fani yenye kipaumbele ikigongana na ile ambayo daftari lako linaiunga mkono, usibadili moyo kwa wiki moja. Omba kukaa idara hiyo siku chache za ziada, hasa kama ni usingizi na ganzi, ambayo watarajali wengi huipita bila kuiona ingawa upasuaji wowote huanza na kuisha mikononi mwake.

Nyumbani utaambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Sikiliza, itikia, kisha mweleze mzee wako kwamba jembe hili ni la miaka thelathini na zaidi, na kwamba hata yeye hakulima mpunga Korogwe kwa jembe la kuazima.

Baada ya yote hayo, kabla hujatuma fomu, nenda kwa sista wa chumba cha upasuaji au mkunga wa zamu uliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Yeye amewaona watarajali wakija na kuondoka, amekuona saa tisa ya usiku ukiwa umechoka, na hana sababu ya kukusifu. Mngoje amalize kukabidhi zamu, mnunulie chai na mkate wa kumimina, kisha muulize ni wapi alipokuona unasahau kutazama saa. Lolote atakalosema, liandike katika ukurasa wa mwisho wa daftari, hata kama linatofautiana na ulilokusudia kujaza.